Kajenge Kwako

Ukipanga chumba Dar es Salaam, kuna maneno utayasikia mapema sana. Utaambiwa na jirani uliyemwomba apunguze sauti ya redio. Utaambiwa na mwenye nyumba uliyempelekea habari ya choo kilichojaa. Siku nyingine utaambiwa na mtu asiyehusika kabisa, aliyekaa zake barazani anasikiliza ugomvi wa wenzake: "Dada, kama hutaki kero, kajenge kwako." Maneno hayo hufunga mjadala palepale. Hakuna anayeyajibu, kwa sababu kila aliyemo ndani ya nyumba ile, angekuwa na uwezo wa kujenga, angeshajenga.

Mimi ni muuguzi, na nimepanga vyumba katika mitaa tofauti ya jiji hili tangu nilipomaliza chuo. Naingia zamu za usiku mara kwa mara, kwa hiyo nalala mchana, saa ambazo nyumba nzima iko macho na haioni sababu ya kunyamaza. Mtu wa namna hiyo hujifunza mengi kuhusu kero. Nimewahi kulala fofofo huku watoto wanacheza rede chini ya dirisha langu. Nimewahi pia kukosa usingizi kabisa kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa akikwangua sufuria taratibu. Sauti ya sufuria ilikuwa ndogo. Kilichoniuma ni kwamba alijua nimetoka kazini, alijua nimelala, uani kulikuwa na nafasi kila upande, na yeye akasogeza kigoda chake mpaka chini ya dirisha langu.

Nadhani jambo lote limo hapo. Mtu hawi mgumu kuvumilika kwa sababu ya ukubwa wa usumbufu wake. Anakuwa hivyo pale anapotenda kana kwamba wewe hupo. Kelele, uchafu, kuchelewa, kukopa bila kulipa, kujichomeka mbele kwenye foleni: kila moja ni njia ya kumfikishia mwenzako habari ileile, kwamba katika hesabu zako yeye hayumo.

Lakini kabla sijawalaumu watu, lazima niiseme nyumba yenyewe, maana nayo ina mkono wake.

Nyumba nyingi za uswahilini zimejengwa kwa ramani moja. Baraza mbele, mlango, korido ndefu katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, kisha mlango wa nyuma unaotoka uani kwenye jiko, bafu, choo na kamba za kuanikia nguo. Ni ramani nzuri kwa ukoo. Bibi chumba cha kwanza, wazazi cha pili, vijana wa kiume kule mwisho, mjomba aliyekuja kutafuta kazi anapewa kinachobaki. Korido ni ya wote kwa sababu wote ni wa nyumba moja, na akipita mtu amejifunga upande wa kanga akitoka kuoga hakuna anayeshangaa. Kuta za ndani mara nyingi zinaishia chini ya mbao za paa na juu hapana dari, kwa hiyo anayekohoa chumba cha kwanza anasikika chumba cha sita. Katika ukoo hilo ni jambo jema. Bibi akizidiwa usiku, mtu atasikia.

Jiji limekua. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na nyumba zile zile zilizojengwa kwa ukoo mmoja sasa zinabeba kaya sita zisizojuana, kutoka mikoa sita, zenye saa sita tofauti za kulala na kuamka. Dalali aliyewaleta kila mmoja kwa siku yake amekwishachukua kodi ya mwezi mmoja na kwenda zake. Hakuna aliyewakalisha akawaambia choo kinasafishwaje, maji yanachotwa kwa zamu gani, redio inazimwa saa ngapi. Mkataba, kama upo, unataja kiasi cha kodi na miezi ya kulipa, basi. Halafu tunashangaa watu wanachukiana.

Ugomvi mkubwa kuliko yote humo ndani ni wa umeme. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu wasiopanga huuona kama ugomvi wa ubahili, na mimi nimeona watu wema wakigombana vibaya mno kwa sababu ya LUKU, umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa.

Mwenye mita yake mwenyewe hana shida. Ananunua, anapata tarakimu zake 20, anaziingiza, taa inawaka, na kila yuniti inayokwenda anajua imekwenda wapi. Nyumba ya wapangaji sita ina mita moja. Chumba cha mbele kina friji, feni na sabufa. Cha pili kina jiko la umeme. Cha mwisho anakaa mama wa makamo anayeuza maandazi, mwenye taa moja na chaja ya simu ya kitochi. Mchango ni sawa kwa wote, kwa sababu kupima hakuwezekani na kubishana kunachosha.

Ubaya wake unazidi pale unapoangalia bei. Kuna kundi la bei nafuu kwa watumiaji wadogo wa majumbani, wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi. Hao hulipa shilingi 100 kwa yuniti, na ukijumlisha VAT pamoja na makato ya REA, wakala wa umeme vijijini, na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, inafika 122. Vyumba sita vikigawana yuniti 75, kila kimoja kinapata 12 na nusu kwa mwezi mzima, na friji peke yake inaweza kula zaidi ya hizo. Kwa hiyo mita ya nyumba kama yetu inaangukia kundi la kawaida, ambako yuniti ni 292, na baada ya kodi na makato inakuwa kama 356. Mama wa maandazi, ambaye angekuwa na mita yake angelipa 122, analipa karibu mara tatu ya hapo kwa kuwa anaishi korido moja na friji ya mtu mwingine. Hakuna aliyemwibia. Hakuna kati yetu aliyekaa akapanga iwe hivyo. Lakini ile friji inaponguruma saa nane za usiku na yeye anajua ataamka saa kumi kukanda unga, chuki inazaliwa tu, na lazima impate mtu wa kumwangukia.

Kisha ikaja kodi ya majengo. Kuanzia Agosti 2021 ilianza kukatwa kwenye manunuzi ya umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 ni 1,500. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Fikiria hilo linafanya nini katika nyumba ya vyumba sita. Anayenunua wa kwanza kwa shilingi 2,000 anabakiwa na 500, na 500 inampa yuniti moja na kidogo. Wa pili akinunua kwa 2,000 ile ile anapata yuniti tano na zaidi. Matokeo yake ni kwamba mwezi ukianza hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Nimekaa katika nyumba ambayo mita ililia mpaka ikazima, ikawa giza korido nzima, na watu wenye pesa kwenye simu zao wakajifungia vyumbani na tochi, kila mmoja akisikiliza kama mwenzake atatangulia. Nilikuwa mmoja wao. Wali wangu ulikuwa umeiva nusu.

Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Ilipoanza kukatwa kwenye umeme, wapangaji walielezwa wakubaliane na wenye nyumba namna ya kurudishiwa. Ni maneno rahisi kuyasema ukiwa ofisini. Mwenye nyumba mmoja nilipomfuata kwa heshima zote, nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza, alinijibu kwamba nyumba ninalala mimi, basi kodi yake niilipe mimi.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita tabia mbaya ya jirani imetengenezwa na mita, bomba na ramani. Nasema hivyo kwa uhakika. Na bado haimalizi hesabu. Nimeishi na wapangaji wawili wenye friji, katika nyumba mbili zinazofanana kwa kila kitu. Wa kwanza, siku aliyoileta, alisimama uani akasema, "Jamani, nimenunua friji, mwezi huu nitaongeza elfu tano, mkiona haitoshi tuseme." Wa pili aliifunika yake kwa pazia, na alipoulizwa alisema imeharibika, anawekea vyombo tu. Tulikuwa tunaisikia. Elfu tano ya yule wa kwanza sidhani kama ilifidia umeme wote aliotumia. Hakuna aliyewahi kupiga hesabu, na hakuna aliyewahi kumnung'unikia. Yule wa pili alichukiwa mpaka na watu ambao hawakuwa na haja ya kumchukia, na chuki ile ikasambaa kwa mke wake na kwa mtoto wake mdogo, ambaye wenzake walikatazwa kucheza naye. Hilo la mtoto linaniuma mpaka leo.

Uani kuna kero nyingine ambayo wengi hawaihesabu kuwa kero, kwa sababu imevaa heshima. Ni mafumbo. Choo hakikudekiwa na mwenye zamu anajulikana. Badala ya kumfuata, mtu atatoka na beseni lake, atasimama katikati ya ua, ataanza kusema na hewa: "Kuna watu humu ndani wamezoea kwao kuna watumishi." Kila mwanamke aliyeko pale anainamisha kichwa na kujiuliza kama ni yeye. Zamani yalisemwa kwa kanga: unanunua ile iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio", unapita nayo mbele ya mlango wa mtu, na ujumbe umefika. Siku hizi kuna status ya WhatsApp. Unaamka asubuhi unakuta jirani yako, ambaye ukuta wake na wako ni mmoja, ameandika saa sita za usiku kuhusu "baadhi ya watu", na unajua fika kwamba hao watu ni watano tu duniani.

Najua mafumbo yana kazi yake. Nimekulia pwani na nimeona namna fumbo linavyoweza kumrekebisha mtu bila kumvunjia heshima, likamwachia nafasi ya kujirudi huku anajifanya hakusikia. Linafanya kazi kati ya watu wanaojuana, ambao mlengwa anajijua na wengine wanajijua kuwa siyo wao. Katika nyumba ya wageni sita halina adabu hata kidogo. Linamfanya mtu asemwe mbele ya uso wake kana kwamba ameondoka. Mimi nimeamua kwamba nikiwa na neno na mtu nitagonga mlango wake, nitamsalimia, nitalisema. Nimeitwa mkali kwa ajili hiyo. Sawa.

Sasa kelele. Kisheria tunalindwa. Kuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, na mwaka 2023 NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilifungia makumi ya baa kwa sababu ya kupiga muziki kupita kiasi. Nilifurahi, na ninataka waendelee. Ila baa ni jambo jepesi: ina leseni, ina mwenyewe, ina kufuli linaloweza kuwekwa mlangoni. Hakuna afisa atakayekuja kufungia sabufa ya chumba cha tatu.

Nimefikiria sana kuhusu sabufa, kwa kuulinganisha muziki wake na msiba. Mtaani kwetu akifariki mtu, turubai linafungwa katikati ya njia, bodaboda zinazunguka kwa nyuma, viti vya plastiki vinapangwa mpaka mlangoni kwa watu, wanawake wanapika masufuria usiku kucha wakizungumza kwa sauti, watoto hawalali, na kama ni msiba wa Wakristo kuna kwaya na spika mpaka asubuhi. Usumbufu wake ni mara kumi ya sabufa yoyote. Sijawahi kumsikia mtu akilalamika. Mimi mwenyewe nimetoka zamu ya usiku nikakuta msiba jirani, nikaweka begi, nikafunga kanga, nikaenda kumenya vitunguu, na niliporudi kulala mchana ule sauti zote zile hazikunigusa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Glass na Jerome Singer, walifanya majaribio ambayo nayakumbuka kila nikisikia besi ikigonga ukuta. Waliwaweka watu kwenye kelele kali zisizotabirika, kisha wakawapa kazi za kufikiri. Baadhi waliambiwa kuna kitufe, wakizidiwa wakibonyeze kelele itakoma, lakini ni vizuri wasikibonyeze. Wengi hawakukibonyeza. Walisikia kelele zile zile, kwa nguvu ile ile, na bado baadaye walifanya kazi zao vizuri na kwa subira kuliko wale ambao hawakupewa kitufe. Kujua tu kwamba ungeweza kusema "basi" na ukasikilizwa, kunatosha kuufanya mwili uvumilie.

Kwenye msiba mtu ana kitufe hicho. Amekuja mtu kumpa habari, anajua utaisha lini, ana nafasi yake pale, na akiwa na mgonjwa ndani akaenda kusema, spika itageuzwa upande wa pili. Kwa mwenye sabufa hana. Hajui itazimwa saa nne au saa tisa, na akienda kuuliza ataambiwa akajenge.

Mila zetu zilikuwa na namna ya kulishughulikia hili. Mtu anapiga hodi, na kama hajaitikiwa anarudia, na ya tatu ikipita kimya anaondoka bila kinyongo. Anayepiga hodi anakiri kwamba ndani kuna mtu mwenye haki ya kumwambia asiingie. Ndicho ninachokitaka kwa jirani, na sihitaji zaidi ya hicho. Kijana wa chumba cha tatu katika nyumba ninayoishi sasa anapenda muziki kuliko chakula. Wiki ya kwanza aliniuliza, "Dada, kazi yako ni ya zamu, siyo?" Tangu hapo, akiona viatu vyangu vyeupe vimeanikwa mlangoni asubuhi, anajua nimerudi nimelala, anaweka spika za masikioni. Jumamosi anafungulia sabufa mpaka vyombo vyangu vinatikisika kabatini. Namwacha. Wakati mwingine naupenda ule wimbo.

Nje ya nyumba mambo ni yale yale kwa kasi zaidi. Kwenye daladala mtu anaweka simu kwenye spika na kusuluhisha ndoa ya dada yake kutoka Mbagala mpaka Kariakoo. Kuna utafiti wa mwaka 2010 wa akina Lauren Emberson, uliofanyika Chuo Kikuu cha Cornell, ulioonyesha kwamba kusikia upande mmoja wa mazungumzo ya simu kunavuruga akili kuliko kusikia pande zote mbili, kwa sababu ubongo unajitahidi kubahatisha kile usichokisikia. Kwa hesabu hiyo mwenye spika angepaswa kutukera kidogo kuliko anayeongea na simu sikioni, na sikubaliani. Akili yangu inaweza kuwa imepumzika kubahatisha, lakini moyo haupumziki, maana huyu ameamua kwamba abiria thelathini ni mabua.

Hata hapo nataka niwe mwadilifu. Wengi wa wanaopayuka kwenye simu wamekulia mahali ambapo jirani yuko ng'ambo ya shamba la mahindi. Kule, kuita kwa sauti kubwa ni adabu: unamjulisha mtu mapema kwamba unakuja, unamsalimia kabla hujamfikia, na anayepita kimyakimya ndiye anayetiliwa shaka. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kwa upole, "Kaka, punguza kidogo, kuna mtoto amelala," anashtuka, anaomba radhi, anapunguza. Nimelifanya hilo mara nyingi, na wengi walipunguza. Hao sina neno nao. Kutojua ni jambo moja, na kusogeza kigoda chini ya dirisha ni jambo lingine.

Magrupu ya michango ya harusi nayataja kwa kupita tu. Unaamka umeingizwa kwenye grupu la watu mia na arobaini, jina lako lipo kwenye orodha, mbele yake kuna kiasi ambacho hukukitaja, na mweka hazina anaandika kila asubuhi majina ya "ambao bado". Mimi huchangia, na huchangia kwa moyo. Nachotaka ni kuulizwa kwanza.

Jambo linalonitia hasira ya kweli ni mahubiri ya uvumilivu. Kila unapolalamika kuna mtu mzima wa kukwambia kuishi na watu kunataka moyo, mvumilivu hula mbivu, samehe mama, potezea. Nimechunguza nani huambiwa hivyo. Huambiwa mpangaji, hajaambiwa mwenye nyumba. Huambiwa aliyelala, hajaambiwa mwenye sabufa. Huambiwa mama wa taa moja. Mke wa mtu akilalamika kwamba mawifi wanaingia chumbani kwake bila kubisha, ataambiwa yeye avumilie, na mawifi hawataambiwa kitu. Uvumilivu ni tunu, nimeuona ukiokoa nyumba na nimeuona wodini ukimbeba mgonjwa mpaka asubuhi. Lakini unapodaiwa siku zote kwa mtu yule yule unakoma kuwa tunu. Unakuwa kodi, na analipishwa asiyeweza kukataa.

Wazee wetu hawakuishi kwa kuvumiliana peke yake. Walikuwa na vikao. Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa anaijua kila kaya, anajua nani amegombana na nani na kwa nini, na alikuwa na haki ya kuwaita wote wawili wakae mbele yake waseme. Wajumbe bado wapo, ila wapangaji wengi hawajui hata mlango wa mjumbe wao ni upi, na wajumbe wengi hawajui wapangaji ni akina nani, kwa sababu mwakani watakuwa wengine.

Mwezi uliopita katika nyumba yetu tulikaa. Wazo lilikuwa la mama wa maandazi, na alilileta kwa kugonga mlango mmoja baada ya mwingine. Tulitandika mkeka uani Jumapili jioni, vyumba vyote sita, hata yule fundi wa chumba cha tano ambaye hatujawahi kumsikia akizungumza. Kikao kilikuwa kirefu na hakikuwa kitamu. Dada wa chumba cha pili alilia. Mwenye friji alikasirika, akasema anaonewa kwa sababu ana kitu, na ilibidi aelezwe polepole, kwa kalamu na karatasi, kwamba mama anapouza maandazi yake, faida ya kadhaa kati ya hayo inakwenda kupoza soda za mwenye friji. Alinyamaza, kisha akasema hakuwa anajua. Nilimwamini.

Tulikubaliana mwenye friji na mwenye jiko la umeme waongeze, mama alipe nusu, na fundi atafute bei ya mita ndogo za kila chumba tuone kama tutaimudu. Kodi ya jengo tunaigawana mwanzoni mwa mwezi, 250 kila chumba, anakusanya mmoja na kununua mara moja, ili asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Mwenye shughuli anatoa taarifa asubuhi. Ratiba yangu ya zamu nimeibandika mlangoni. Ya choo tulishindwa kuelewana, tutarudi kuikalia.

Kisha tukamwandikia mwenye nyumba. Shilingi 1,500 kwa miezi kumi na miwili ni 18,000 kwa mwaka, na tumemwomba azikate kwenye kodi tunayomlipa, tukaambatanisha picha za ujumbe wa manunuzi zinazoonyesha makato. Nakala amepelekewa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Barua ina sahihi sita. Bado hajajibu, na mwezi ujao anakuja kuchukua kodi ya miezi sita, kwa hiyo itabidi azungumze nasi wote kwa pamoja, pale pale barazani.